UZI: Kwa nini ORS lazima iwe na sukari? Jibu liko kwenye protini za utando wa seli

Kiini_cha_Seli (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu.

Kila kipindupindu kinapolipuka swali hili hurudi: mgonjwa amepoteza maji na chumvi, sasa sukari kwenye ORS (unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji ili kumrudishia mgonjwa maji) ni ya nini? Jibu linalozoeleka ni "ya kumpa nguvu". Sivyo. Lita nzima ya ORS ina glukosi gramu 13.5, yaani kalori zisizofika 60. Hakuna nguvu ya maana hapo. Sukari ile imewekwa kwa ajili ya protini moja iliyokaa kwenye utando wa seli za utumbo mwembamba, jina lake SGLT1. Protini hii huvusha sodiamu na glukosi kwa pamoja, na mmoja asipokuwepo mwenzake anakwama. Tuichambue taratibu, maana ukiielewa hii moja, sehemu kubwa ya somo la protini za utando inafunguka yenyewe.

Tuanze na utando. Ni tabaka mbili za fosfolipidi zilizolala mkia kwa mkia: vichwa vinavyopenda maji vimeelekea nje pande zote mbili, mikia ya mafuta imejificha katikati. Unene wote ni kama nanomita 5, na mafuta peke yake kama nanomita 3. Oksijeni na kaboni dioksidi hupenya mafuta hayo bila shida. Ayoni ya sodiamu haipenyi, kwa kuwa ina chaji na imezungukwa na molekuli za maji zilizoing'ang'ania. Glukosi nayo imejaa vikundi vya haidroksili vinavyoshikana na maji. Kwa hiyo vyote viwili vinahitaji mlango, na mlango wa seli hujengwa kwa protini.

Protini inakaaje ndani ya mafuta? Protini ni mnyororo wa asidi amino, na uti wa mnyororo huo una sehemu zinazopenda maji. Ukiuchomeka kwenye mafuta ukiwa umenyooka, sehemu hizo zinakosa cha kushikana nacho, na gharama ya nishati inakuwa kubwa mno. Mnyororo hujisokota kama springi, ili kila sehemu ishikane na mwenzake aliye asidi amino nne mbele. Hiyo ndiyo heliksi ya alfa. Kila asidi amino huongeza urefu wa nanomita 0.15, kwa hiyo kuvuka nanomita 3 kunahitaji asidi amino kama 20. Ndiyo sababu ukipewa mfuatano wa protini usiyoijua, unatafuta vipande vya asidi amino 20 hivi mfululizo zinazochukia maji, kama leusini, isoleusini, valini na fenilalanini. SGLT1 ya binadamu ina asidi amino 664 na huvuka utando mara 14.

Sasa seli yenyewe. Seli ya utumbo ina nyuso mbili: mmoja unatazama chakula, mwingine unatazama damu. Kati ya seli na seli kuna mishono ya protini inayozibana seli pamoja, na mishono hiyo huzuia protini za uso mmoja zisihamie uso wa pili. Mashine nzima inategemea mpangilio huo:

Upande wa damu kuna pampu ya sodiamu na potasiamu. Kwa kila ATP moja (molekuli inayobeba nishati ya seli) hutoa sodiamu 3 nje ya seli na kuingiza potasiamu 2. Matokeo yake sodiamu ndani ya seli hubaki kidogo, na ndani huwa na chaji hasi ukilinganisha na nje.

Upande wa chakula kuna SGLT1. Sodiamu inataka sana kuingia, kwa sababu ndani ni chache na chaji hasi inaivuta. SGLT1 inairuhusu, ila kwa sharti la kuja na glukosi: sodiamu 2 kwa glukosi 1.

Kisha glukosi hutoka kwa upande wa damu kupitia protini nyingine, GLUT2, na sodiamu hutolewa na pampu. Kloridi huifuata sodiamu kwa sababu ya chaji, maji huyafuata yote hayo kwa osmosi, yaani huhamia palipo na chembe nyingi zaidi. Mgonjwa amepata maji.

---

Form6_PCB

Asante sana mkuu. Naomba ufafanuzi sehemu mbili. Kwanza, kama SGLT1 haitumii ATP, kwa nini inaitwa usafirishaji amilifu? Pili, kwa nini iwe sodiamu 2 na si 1?

---

Kiini_cha_Seli

Maswali mazuri. La kwanza: ATP imeshalipwa na pampu upande wa pili wa seli. SGLT1 inatumia tofauti ya sodiamu iliyotengenezwa na pampu, ndiyo maana vitabu huita usafirishaji amilifu wa daraja la pili. Simamisha pampu, na baada ya muda mfupi SGLT1 nayo inasimama, ingawa yenyewe haijaguswa. Wazo hili la sodiamu kuivuta glukosi lilitolewa na Robert Crane mwaka 1960 kwenye mkutano uliofanyika Prague. Jeni la SGLT1 lilipatikana mwaka 1987.

La pili, tupige hesabu. Chukua sodiamu ya nje milimoli 140 kwa lita (milimoli ni kipimo cha idadi ya chembe) na ya ndani 14, yaani tofauti ya mara 10. Chukua umeme wa utando wa milivolti 60 hivi, hasi ndani. Kwa ayoni yenye chaji moja chanya huo nao ni sawa na mara 10 nyingine. Sodiamu moja ina msukumo wa 10 × 10 = 100. Ingekuwa sodiamu 1 kwa glukosi 1, seli ingeweza kulimbikiza glukosi hadi mara 100 ya ile ya nje. Kwa sodiamu 2 ni 100 × 100, yaani mara 10,000. Seli haifiki huko kwa sababu GLUT2 inaitoa glukosi, lakini uwezo huo unamaanisha kwamba hata glukosi iliyobaki kidogo kabisa utumboni inazolewa yote.

Linganisha na figo: SGLT2, ambayo hurudisha sehemu kubwa ya glukosi iliyochujwa, hutumia sodiamu 1 kwa glukosi 1, kwa sababu mwanzoni mwa mrija glukosi bado ni nyingi. Mbele, ilikobaki kidogo, SGLT1 ndiyo inamalizia. Vidonge vya kisukari vya kundi la dapagliflozini huziba SGLT2 ili glukosi itoke na mkojo.

---

Fundi_Maabara

Naongeza jambo moja kwenye maelezo ya mkuu, kuhusu mwendo wa SGLT1. Mtu asije akadhani ni tundu. Ingekuwa tundu lililo wazi pande zote mbili, sodiamu ingemiminika yenyewe na glukosi ingeachwa.

Inavyofanya kazi: kwanza protini imefunguka kwa nje. Sodiamu mbili zinakaa mahali pake. Kukaa kwao kunarekebisha umbo la protini, na hapo ndipo kikao cha glukosi kinapokuwa tayari. Glukosi ikikaa, lango la nje linafunga, la ndani linafunguka, mizigo inashuka, kisha protini tupu inarudi kufunguka nje. Malango mawili hayafunguki kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo kasi ni ndogo. Kisafirishi cha namna hii huvusha makumi ya molekuli za sukari kwa sekunde. Mfereji wa ayoni, ambao kweli ni tundu lenye mlango, hupitisha mamilioni kwa sekunde. Akwaporini, mfereji wa maji ambao Peter Agre alipewa kwa ajili yake Nobeli ya kemia mwaka 2003, hupitisha molekuli za maji kama bilioni 3 kwa sekunde kupitia tundu moja, zikiwa zimejipanga foleni, na bado protoni (ayoni za haidrojeni) hazipiti. Seli hufidia kasi ndogo ya SGLT1 kwa kuweka nyingi sana, na kwa kuukunja utando wa upande wa chakula kuwa vijinyweleo ili eneo liongezeke.

Umbo la kwanza la familia hii kuonekana kwa undani, mwaka 2008, lilitoka kwa bakteria Vibrio parahaemolyticus, ndugu wa karibu wa bakteria wa kipindupindu.

---

Mwambao01

Hapo kwenye kipindupindu ndipo ninapotaka. Sumu ya kipindupindu inaharibu nini hasa? Na kama utumbo umeharibika, ORS inapitia wapi?

---

Kiini_cha_Seli

Ndugu Mwambao01, utumbo haujaharibika. Hilo ndilo la kushangaza katika kipindupindu: seli ziko nzima, zimeamrishwa tu vibaya.

Sumu ina vipande B vitano na kipande A kimoja. Vipande B hushika GM1, ambayo ni lipidi yenye sukari kichwani kwenye uso wa seli. Seli huimeza sumu, kipande A kinafika ndani na kuibandika alama protini inayoitwa Gs. Protini hii hukaa upande wa ndani wa utando na kazi yake ni kuwasha kimeng'enya kinachotengeneza cAMP, molekuli ndogo ya kupeleka ishara ndani ya seli, kisha kujizima. Ikishabandikwa alama haiwezi tena kujizima. cAMP inapanda na kubaki juu.

cAMP nyingi inafanya mambo mawili. Inafungua mfereji wa kloridi, CFTR, kwenye uso wa chakula: kloridi inatoka, sodiamu na maji vinafuata, na mtu mzima anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Pili, inazima NHE3, protini ambayo kwa kawaida hufyonza sodiamu kwa kuibadilisha na protoni. Kwa hiyo bomba la kutoa limefunguka na mlango mkubwa wa kuingiza umefungwa. Ukimpa mgonjwa maji ya chumvi tupu, sodiamu haina pa kuingilia.

SGLT1 haizimwi na cAMP. Inaendelea na kazi kama kawaida, ikisubiri glukosi. ORS haifungi CFTR wala haiui bakteria. Inatumia mlango ambao sumu haikuufunga. Ndiyo maana kinyesi kinaweza kuendelea kutoka kwa wingi huku mgonjwa akipata nafuu, na ndugu zake wasikate tamaa wakiona hivyo. Seli zilizoathirika huchubuka zenyewe na kubadilishwa ndani ya siku chache.

---

Mfamasia_Mtaa

Kiini_cha_Seli amesema:
> SGLT1 haizimwi na cAMP. Inaendelea na kazi kama kawaida, ikisubiri glukosi.

Basi kwa mantiki hiyo tukiongeza sukari si mlango utafanya kazi zaidi? Watu wengi mtaani wanawapa watoto soda au juisi kwa hoja hiyohiyo.

---

Mama_Zahanati

Hapana ndugu yangu, hapo ndipo watoto wanapoumia.

SGLT1 hufika nusu ya kasi yake glukosi ikiwa kama milimoli 0.5 tu kwa lita. ORS ina 75. Viti vyote vimeshajaa; ukiongeza abiria basi haliendi haraka zaidi. Sukari inayozidi inabaki utumboni, na kwa osmosi inavuta maji kutoka mwilini kuja utumboni. Soda ya kawaida ina sukari kama gramu 100 kwa lita na sodiamu karibu hakuna. Unampa glukosi bila mwenzake, halafu unamwongezea kuhara.

Fomula ya WHO na UNICEF ya mwaka 2002, kwa lita moja ya maji safi:

Chumvi ya kawaida gramu 2.6
Glukosi gramu 13.5
Kloridi ya potasiamu gramu 1.5
Sitreti ya sodiamu gramu 2.9

Jumla gramu 20.5. Ukizigeuza kuwa milimoli unapata sodiamu 75, kloridi 65, potasiamu 20, sitreti 10, glukosi 75. Zijumlishe: 245 miliosmoli, yaani jumla ya chembe zote zinazovuta maji katika lita moja. Damu iko kama 290. ORS ni nyepesi kuliko damu, kwa hiyo osmosi yenyewe inasukuma maji kuelekea mwilini hata kabla SGLT1 haijamaliza kazi. Fomula ya zamani ilikuwa 311, sodiamu 90 na glukosi 111. Iliokoa watu wengi, lakini hii mpya inapunguza kinyesi na kutapika kwa watoto.

Kosa linaloonekana sana: pakiti ya lita moja inamiminwa kwenye chupa ya nusu lita. Hapo sodiamu inakuwa 150 na mchanganyiko mzima 490. Ni mzito kuliko damu, unavuta maji kwenda utumboni, na sodiamu ya mtoto inapanda. Dalili ni kiu kali, kukereka, mwishowe degedege. Lakini zipo pia pakiti za nusu lita madukani, kwa hiyo soma kilichoandikwa juu ya pakiti, usikariri.

Kosa la pili ni kuchemsha baada ya kuchanganya. Chemsha maji kwanza, yapoe, ndipo uchanganye. Yakishapita saa 24, mwaga, tengeneza mengine.

---

Mwambao01

Dada Mama_Zahanati, ahsante. Na pakiti zikikosekana kabisa kisiwani?

---

Mama_Zahanati

Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kusawazisha maana yake pitisha kisu juu ya kijiko. Kijiko cha mlima kinaweza kubeba karibu mara mbili. Onja: yasizidi chumvi ya machozi. Yakizidi, mwaga uanze upya.

Kwa hesabu: sukari ya mezani kama gramu 25 ni milimoli 73, na kimeng'enya kilicho kwenye utando wa vijinyweleo hukata kila moja kuwa glukosi na fruktosi. Glukosi 73, karibu sawa na pakiti. Sodiamu inakuwa kati ya 43 na 51, pungufu ya pakiti, na potasiamu hakuna. Kwa hiyo ni ya kuanzia nyumbani wakati pakiti inatafutwa. Haitoshi kwa kipindupindu kikali.

Uji mwepesi wa mchele wenye chumvi nao unafanya kazi. Wanga ni mnyororo mrefu wa glukosi: molekuli chache, uzito mdogo wa osmosi, na glukosi inakatwa kidogo kidogo palepale kwenye utando na kupokewa na SGLT1. Kwa kipindupindu, ORS ya unga wa mchele uliopikwa, gramu 50 kwa lita badala ya glukosi, hupunguza kinyesi vizuri.

Kiasi: mtoto chini ya miaka 2 mpe mililita 50 hadi 100 kila akiharisha, wa miaka 2 hadi 10 mililita 100 hadi 200. Aliyeanza kukaukiwa, mililita 75 kwa kila kilo ndani ya saa 4, akiwa kituoni. Akitapika subiri dakika 10, kisha endelea kijiko kimoja kimoja. Anyonyeshwe muda wote. Aliyelegea, macho yamezama, hawezi kunywa, ngozi ukiibana inarudi polepole sana: huyo ni wa dripu sasa hivi, usibaki nyumbani na kikombe.

---

Form6_PCB

Swali la darasani kidogo. Tunafundishwa protini za ndani ya utando na za pembeni. Unajuaje hii ni ipi bila kukariri?

---

Fundi_Maabara

Kwa kuzitoa. Chukua utando uliosafishwa, uloweke kwenye sodiamu kaboneti milimoli 100, pH 11.5, juu ya barafu nusu saa, kisha uzungushe kwenye mashine ya kasi, nguvu ya 100,000 g kwa saa moja. Protini za pembeni, zilizoshikwa kwa chaji tu, zinabaki kwenye maji ya juu. Zilizovuka utando zinakwenda chini pamoja na mafuta. Spektrini, protini ya pembeni ya seli nyekundu za damu, inatoka. SGLT1, CFTR na pampu hazitoki.

Hizo za ndani zinatoka kwa sabuni pekee. Sabuni iitwayo DDM hutumika sana: asilimia 1 kwa saa moja au mbili kwenye nyuzi 4, baadaye unashusha hadi asilimia 0.03 hivi. Usishuke chini ya 0.0087, maana hapo molekuli za sabuni zinaachana, protini inabaki sehemu zake za mafuta zikiwa wazi, na inagandana mbele ya macho yako: maji yaliyokuwa safi yanageuka ukungu. Sabuni nyingine, Triton X-100, ni nafuu, ila inameza mwanga wa nanomita 280, kwa hiyo kipimo cha protini kwa mwanga huo kitakudanganya.

Na kabla ya kuipitisha kwenye jeli ya kutenganisha protini kwa umeme, usichemshe sampuli nyuzi 95 kama ulivyozoea kwa protini za kawaida. Zenye heliksi nyingi zinashikana na kukwama juu ya jeli kama doa. Nyuzi 37 kwa nusu saa inatosha.

---

Mfamasia_Mtaa

Mmegusia pampu ya sodiamu kwa juu juu, nami naomba niiongezee, maana ina historia ya kwetu.

Jens Skou wa Denmark aliionyesha mwaka 1957 kwa kutumia mishipa ya fahamu ya miguu ya kaa, na mwaka 1997 akapata sehemu ya Nobeli. Dawa iliyothibitisha kwamba ni pampu yenyewe inaitwa ouabaini. Jina limetokana na neno la Kisomali la sumu ya mishale. Inapatikana kwenye miti ya Acokanthera, msunguti kwa Kiswahili, ambayo wawindaji wa Kikamba na wa Mijikenda walichemsha gome na matawi yake hadi yakawa lami nyeusi ya kupaka mshale. Ouabaini hushika pampu kwa upande wa nje wa seli na kuigandisha katikati ya mzunguko. Sodiamu inajaa ndani, kalsiamu inashindwa kutoka, moyo unabana bila kulegea vizuri na mapigo yanavurugika. Digoksini ya hospitali hufanya kazi palepale, na ndiyo sababu dozi yake huhesabiwa kwa mikrogramu.

Kuna panya mkubwa wa Afrika Mashariki, Lophiomys, anayetafuna gome la mti huo na kujipaka mate yenye sumu kwenye manyoya ya ubavuni. Mbwa akimng'ata anaweza kufa.

---

Fundi_Maabara

Na wanaopima pampu hii kwa viungo vya panya wa maabara wajue: pampu kuu ya panya huyo imebadilika asidi amino mbili tu pale ouabaini inapokaa, na usugu wake ni mkubwa mno. Kipimo kinachozima pampu ya binadamu hakitamgusa. Inabidi ufike milimoli 1, la sivyo utaandika kwamba hakuna pampu wakati ipo.

---

Mwambao01

La mwisho kwangu. Je, kuna mtu ambaye ORS inamdhuru kweli?

---

Kiini_cha_Seli

Yupo, ni nadra sana. Ni mtoto aliyezaliwa na SGLT1 mbovu. Kasoro ya kwanza iliyotambuliwa, mwaka 1991, ilikuwa badiliko la asidi amino moja, namba 28. Maziwa ya mama yana laktosi, nayo ikikatwa inakuwa glukosi na galaktosi, na zote mbili hupita SGLT1. Mtoto anaanza kuhara maji matupu siku za kwanza kabisa za maisha, na ORS ya glukosi inamzidishia. Ukimwachisha kila kitu cha mdomoni na kumweka dripu, kuhara kunakoma; ukirudisha maziwa, kunarudi. Hiyo ndiyo dalili ya kumfanya daktari aifikirie. Hukua vizuri kwa maziwa maalumu yenye fruktosi, kwa sababu fruktosi ina mlango wake, GLUT5, usiohitaji sodiamu.

---

Mama_Zahanati

Aliyeniuliza faraghani kuhusu chupa ya lita moja na nusu: usimimine pakiti humo ikiwa imejaa, utapata sodiamu 50 badala ya 75. Tumia chupa mbili za nusu lita zilizojaa, mimina zote kwenye jagi safi, kisha pakiti nzima kwa mara moja. Usigawanye unga kwa macho. Chumvi na glukosi hazichanganyiki sawasawa ndani ya pakiti.